Chupa Nyeusi ya Kapalamsenga

Mwezi wa Agosti mwaka jana tulifunga safari kutoka Mpanda mjini kwenda Kapalamsenga. Tulikuwa akina mama watano wa kanisa: wauguzi wawili, mwalimu mstaafu, mshonaji wa cherehani, na mama mmoja ambaye karama zake ni kuimba na kupika. Wenzetu wa huko walikuwa wametuita tuendeshe semina ya siku tatu juu ya uzazi salama na malezi ya watoto. Tulibeba vitabu, mizani ya kupimia watoto, unga na sabuni. Hatukujua kwamba tungerudi tukizungumza habari za marashi ya Paris.

Kapalamsenga iko katika Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, upande wa kuelekea Ziwa Tanganyika. Wakati ule wa kiangazi vumbi hutanda hadi ndani ya nywele. Lakini miombo ilikuwa imeanza kutoa majani mapya mekundu, na juu ya miti tuliona mizinga ya nyuki imening'inia. Huku kwetu asali na nta ni mali ya tangu enzi za mababu. Kapalamsenga wenyewe wana jambo lao jingine, nalo ni shaba. Wachimbaji wadogo huchimba mawe yenye rangi ya kijani, na kwa sababu hiyo kijiji kina watu wa kila namna: Wabende, Wafipa, Waha, Wasukuma, na vijana waliotoka mbali kutafuta riziki.

Penye wachimbaji hapakosi biashara. Siku tuliyofika kulikuwa na mnada. Tulipita katikati ya dagaa na migebuka iliyokaushwa kutoka ziwani, mawese katika madumu, vitenge, masufuria, na meza moja iliyojaa chupa ndogo ndogo za manukato. Kila chupa ilikuwa na jina kubwa la Ulaya, na bei yake haikufikia bei ya kilo ya sukari. Tulicheka, tukajaribu moja mkononi, tukapiga chafya, tukaendelea na safari yetu.

NYUMBANI KWA BIBI

Tulipangiwa kulala kwa bibi mmoja mjane, mwanamke wa sala, mwenye umri wa zaidi ya miaka sabini na mitano. Hatutataja jina lake. Alitupokea kwa furaha.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, wanangu. Karibuni. Vumbi limewala, kaogeni kwanza."

Nyumba yake ilikuwa safi, imefagiwa hadi uani. Lakini tulipoingia tu, harufu ya marashi ilitupokea kabla hatujaketi. Ilikuwa nzito mno, kana kwamba ile meza ya mnadani imemwagika chumba cha nyuma. Na chini ya marashi yale kulikuwa na harufu nyingine, hafifu lakini kali. Sisi tulio wauguzi tulitazamana bila kusema neno. Ni harufu tunayoijua wodini.

Tulimwuliza Bibi kama anaishi na nani. Alijibu haraka, "Peke yangu. Mjukuu wangu yuko Mpanda." Tukanyamaza. Mgeni hafungui mlango ambao mwenyeji ameufunga.

Asubuhi, wakati wa sala, ndipo tulipoiona chupa. Ilikuwa juu ya rafu ndogo ukutani, pembeni ya picha ya Bikira Maria na rozari ya mbao. Chupa nyeusi, ya duara kama tufe, na mbele yake mchoro wa rangi ya dhahabu: mama aliyevaa gauni pana akimwelekea mtoto wake wa kike, wameshikana mikono. Bibi alikuwa akiiita "Mama Maria wa chupa". Kila asubuhi aliipangusa kwa pindo la kanga.

Alitueleza ilikotoka. Katika miaka ya 1950, Mpanda ilikuwa na machimbo makubwa ya risasi, na reli ya kutoka Kaliua ilijengwa kwa ajili yake. Mama yake Bibi alikuwa mpishi katika nyumba ya Mzungu mmoja wa machimbo. Mke wa Mzungu yule alipokuwa akifungasha mizigo kurudi kwao, alimwachia mpishi wake sufuria mbili, blanketi, na chupa ile ambayo marashi yake yalikuwa yamebaki kidogo sana. Mama hakuyapaka hata mara moja. Alipokaribia kufa alimpa Bibi, akamwambia amtunzie.

Bibi alituruhusu kuifungua. Ilikuwa imekauka. Hata hivyo, mdomoni mwa chupa kulikuwa na harufu kidogo, tamu na nzito, kama ua lililohifadhiwa ndani ya kitabu. Mwenzetu mwalimu aliigeuza, akasoma herufi zilizofutika nusu: Lanvin, Paris.

MAMA WA PARIS NA BINTI YAKE

Tuliporudi Mpanda tulitafuta habari za jina hilo, na tunapenda msomaji naye azijue, maana ni habari za mama kama sisi.

Jeanne Lanvin alizaliwa Paris mwaka 1867, mtoto wa kwanza katika familia ya watoto 11. Hakuzaliwa tajiri. Akiwa na umri wa miaka 13 hivi alikuwa tayari anafanya kazi kwa washona kofia, akipeleka kofia kwa wateja. Inasimuliwa kwamba alikuwa akikimbia kwa miguu badala ya kupanda gari la abiria, ili nauli aliyopewa iwe akiba yake. Akina mama wa vikoba watamwelewa mara moja. Mwaka 1889 alifungua duka lake mwenyewe la kofia.

Mwaka huo huo wa 1889, huku kwetu kando ya ziwa, alifika Karema Adrian Atiman. Huyu alikuwa ametekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, akasomeshwa utabibu Malta. Alitibu watu Karema hadi alipofariki mwaka 1956. Tunapoitaja Paris, tusisahau kwamba mwaka ule pwani yetu nayo ilikuwa na habari yake njema.

Jeanne alipata mtoto mmoja tu, Marguerite, aliyezaliwa mwaka 1897. Alimshonea nguo kwa upendo mwingi hata akina mama wengine wakaanza kuuliza, "Na wangu je, utamshonea?" Kutoka nguo za watoto akaingia nguo za mama zao, na mwaka 1909 nyumba yake ikahesabiwa miongoni mwa nyumba kubwa za mitindo za Paris. Binti alikua akawa mwanamuziki. Alipotimiza miaka 30, mwaka 1927, mama yake alimpa zawadi ya manukato mapya yaliyotungwa kwa ajili yake. Yaliitwa Arpège, neno la muziki, maana yake sauti zinazofuatana moja baada ya nyingine. Chupa ilikuwa tufe jeusi, na mchoro wa dhahabu ulichorwa na Paul Iribe, kutokana na picha ya mwaka 1907 ya Jeanne na bintiye wakiwa wamevaa kwa ajili ya sherehe. Jeanne alifariki mwaka 1946, na binti yule ndiye aliyeshika kazi ya mama.

Jeanne hakuwa peke yake. Mshona mitindo Paul Poiret alianza kuuza manukato mwaka 1911, akayaita kwa jina la binti yake Rosine. Gabrielle Chanel, ambaye mama yake alifariki angali mtoto na akalelewa na watawa katika nyumba ya yatima, alitoa yale yanayojulikana kama Namba 5 mwaka 1921. Christian Dior alitoa Miss Dior mwaka 1947, jina linalohusishwa na dada yake Catherine, aliyerudi hai kutoka kambi ya mateso ya Ravensbrück. Kwa upande wa biashara sababu ni rahisi: gauni la nyumba hizo hununuliwa na wanawake wachache sana duniani, lakini chupa hununuliwa na wengi. Hata hivyo tuliona ajabu kwamba nyuma ya chupa nyingi hivi kuna binti au dada.

UA LA VISIWA VYETU

Jambo jingine lilitufurahisha zaidi. Ndani ya Arpège, kama ndani ya Namba 5, kuna langilangi. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanalijua ua hili la manjano lenye petali ndefu kama vidole. Mti wake asili yake ni Asia, lakini uliletwa katika visiwa vya Bahari ya Hindi, na katika miaka ile ya 1920 Wafaransa walikuwa wakiulima Nosy Be na Komoro. Hadi leo Komoro ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani.

Miti hukatwa na kukunjwa ibaki mifupi ili mchumaji aifikie. Wachumaji wengi ni wanawake. Huamka alfajiri, kwa sababu ua hutoa harufu nyingi usiku na jua likipanda hupotea. Maua hutiwa katika mitungi mikubwa ya chuma pamoja na mvuke wa maji, yakachemshwa kwa saa nyingi. Kilo 100 za maua hutoa mafuta ya kilo 2 hivi tu. Kuni zinazotumika ni nyingi, na misitu ya Komoro imeumia kwa ajili hiyo. Basi mwanamke wa Paris akijipaka tone moja shingoni, lipo jasho la mwanamke wa Nzwani ndani yake.

Tena, wenzetu wa pwani hawakuingoja Paris iwafundishe. Wana udi wa kufukiza nguo, marashi ya waridi katika mrashi, asumini kwenye nywele, kikuba cha bibi harusi. Na Maandiko yenyewe yamejaa manukato. Katika Kutoka sura ya 30 Mungu anampa Musa vipimo vya mafuta matakatifu, yenye manemane na mdalasini. Esta na wenzake walitengenezwa kwa miezi 12, sita kwa mafuta ya manemane na sita kwa manukato. Katika Yohana sura ya 12 Mariamu wa Bethania anammiminia Bwana miguuni marhamu ya nardo, na harufu yake inaijaza nyumba. Mama Mkristo asidhani kwamba kunukia ni dhambi.

Kiswahili chetu kina hekima hapa: kuna kunuka na kuna kunukia. Shida huanza pale tunapotumia kunukia ili kuficha kunuka.

MLANGO WA CHUMBA CHA NYUMA

Siku ya pili ya semina tulifundisha juu ya uchungu wa muda mrefu. Tulieleza kwamba kichwa cha mtoto kikikwama kwenye nyonga kwa saa nyingi, huibana nyama laini iliyo kati ya njia ya uzazi na kibofu. Damu haifiki pale, nyama hufa, na baada ya siku chache hutoka tundu. Tangu hapo mkojo hutiririka wenyewe, mchana na usiku. Ugonjwa huo ni fistula. Wakati mwingine tundu huwa upande wa haja kubwa. Tukasema kwa sauti, ili hata aliyekaa nje asikie, "Si uchawi. Si laana. Si adhabu ya uzinzi. Ni jeraha la uzazi, nalo linatibika."

Bibi alikuwa amekaa mstari wa mbele. Hakuuliza swali. Usiku, baada ya kula, alichukua koroboi akasema, "Wanangu, nilidanganya. Mjukuu wangu hayuko Mpanda." Akafungua mlango wa nyuma.

Alikuwa binti wa miaka 19. Alikuwa amekaa juu ya mfuko wa plastiki uliofunikwa vipande vya kanga, na kando yake chupa nne za marashi ya mnadani, mbili tupu. Alikuwa ameolewa kijiji cha mbali akiwa na miaka 17. Uchungu ulimshika wakati wa masika, mto ukiwa umejaa, na pikipiki haikuweza kuvuka. Siku ya tatu alijifungua mtoto aliyekwisha kufa. Baada ya wiki moja mkojo ukaanza kutoka. Mume alivumilia miezi minne, kisha akamrudisha kwa Bibi pamoja na godoro lake.

"Nilikuwa napaka ili Bibi asisikie," alituambia. "Kanisani niliacha kwenda. Nikinywa maji natoka zaidi, kwa hiyo nakunywa kidogo tu."

Hapo tulimweleza jambo ambalo wengi hawalijui. Asiyekunywa maji, mkojo wake huwa mzito na mkali, harufu huzidi, na ngozi huungua. Anapaswa kunywa maji mengi, kuoga kwa maji na sabuni ya kawaida, na kupaka mafuta mepesi pale panapochubuka. Marashi juu ya ngozi iliyochubuka ni moto juu ya moto. Alikuwa na vidonda mapajani.

Bibi alilia. Kisha akauliza lile swali ambalo mwanamke maskini huuliza kwanza: "Ni shilingi ngapi?"

Tukamjibu kwamba hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam imekuwa ikiwatibu wanawake wenye fistula bila malipo, na kwamba tangu mwaka 2009 nauli imekuwa ikitumwa kwa simu, kupitia M-Pesa, kwa mtu anayemsindikiza mgonjwa. Bibi alitutazama kama tunamfanyia mzaha. Alikuwa ameanza kuuza mbuzi kwa ajili ya mganga, na walikuwa wamebaki wawili.

Kabla hatujalala tulimwambia pia ukweli juu ya chupa yake, maana hatukupenda kuondoka na siri. Tulisema yule si Mama Maria, ni mama wa Ulaya aliyempenda binti yake. Tulidhani atahuzunika. Bibi aliitazama kwa muda, akasema, "Basi ni mama na mwanawe. Hilo nililiona tangu mwanzo." Akairudisha mahali pake.

HARUFU NI HABARI

Wapendwa akina mama, kabla ya kumaliza tuseme wazi, mama kwa mama. Katika kazi yetu tunakutana na wake za watu wanaotia manukato, sabuni za kunukia, ndimu au dawa za kienyeji ukeni ili kumpendeza mume. Acheni. Njia ile hujisafisha yenyewe. Vitu hivyo huua wadudu wema wanaoilinda, huleta michubuko, na michubuko ni mlango wa maradhi, pamoja na virusi vya UKIMWI. Uchafu unaotoka ukiwa na harufu mbaya, rangi isiyo ya kawaida au mwasho ni habari mwili unakuletea. Ipeleke zahanati. Manukato mahali pake ni shingoni, mkononi na kwenye nguo, kidogo tu. Mtoto mchanga hahitaji hata tone, na mwenye pumu ndani ya nyumba ahurumiwe.

Na mkimwona mwanamke aliyeacha ghafla kuja jumuiya, anayekaa mlangoni, anayenukia kupita kiasi, msimcheke. Mwendeeni nyumbani. Mwenye dalili za uchungu asingojee jua lichwe mara mbili. Na anayeishi ng'ambo ya mto asogee karibu na hospitali wiki chache kabla ya siku zake wakati wa masika. Mabinti wetu tuwaache wakomae kabla ya kuwaoza. Tusiseme fistula ni ya watu wa mbali. Umoja wa Mataifa umeitengea siku, tarehe 23 Mei kila mwaka, kwa sababu bado ipo.

Katika Marko sura ya 5 yumo mwanamke aliyetokwa damu miaka 12, aliyemaliza mali yake yote kwa waganga, akaja kwa kujificha nyuma ya Yesu. Bwana hakumwacha aondoke kwa kujificha. Alimtafuta kati ya umati, akamwita binti.

STESHENI YA MPANDA

Binti wetu na Bibi waliondoka kwa treni mwezi wa Septemba. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Bibi kupanda gari moshi, ingawa reli ile imekuwapo tangu ujana wa mama yake. Upasuaji ulifanyika. Alikaa na mpira wa mkojo muda wa majuma mawili na zaidi. Hospitalini alikuta wanawake wa mikoa mingi, kila mmoja akidhani awali kwamba yuko peke yake duniani. Si kila tundu hufungwa mara ya kwanza. Wengine hurudi mara ya pili au ya tatu. Lake, kwa neema ya Mungu, lilifungwa. Alielekezwa asikutane na mwanamume kwa miezi kadhaa, na akijaliwa mimba tena ajifungulie hospitali kwa upasuaji.

Tulikwenda stesheni kuwapokea. Aliteremka amevaa gauni la kitambaa chepesi, rangi ya samawati, alilolishona mwenyewe kwa mkono akiwa anangoja kupona. Sehemu ya nyuma ilikuwa kavu, na alijua kwamba tunaangalia, kwa hiyo aligeuka mara moja tuone vizuri, akacheka. Tulimkumbatia mmoja mmoja. Hakuwa amepaka marashi yoyote. Alinukia sabuni.

Mume wake alituma salamu kwamba anataka mazungumzo. Bibi alijibu kwamba kuna wazee, na kuna muda. Mbuzi wawili wako hai, na sasa ni watatu. Mwenzetu mshonaji amempokea binti kwa mafunzo ya cherehani hapa Mpanda, na Jumapili anakaa katikati ya benchi.

Chupa nyeusi iko Kapalamsenga, juu ya rafu. Bibi amesema ni ya mjukuu wake siku akiwa na binti.